Boga Lililokutwa na Ini

Nimekagua mizani kwa miaka ishirini na sita, kuanzia za wauza samaki hadi za maduka ya dhahabu, na najua mtu wa kazi yangu akisimulia safari wasikilizaji huguna, wakidhani atapima kila kitu. Ni kweli, nitapima. Jinsi nilivyofika Tazamani nitaiacha, maana njia ilikuwa ndefu na haikuwa na la kusimulia zaidi ya vumbi. Nitaeleza nilichokiona kwa siku thelathini na nne nilizokaa huko, na pale nilipokosea mimi nitasema pia, ingawa sitapenda.

Tazamani ni nchi ya watu wema. Nalitanguliza hilo kwa sababu nitakayoyasema baadaye yanaweza kumfanya msomaji awacheke, nami sikuwacheka, au niliwacheka kidogo tu. Watakupisha njiani na kukukaribisha chakula kabla hawajakuuliza jina. Ila hawajuliani hali kama sisi. Asubuhi ya kwanza mwenye nyumba niliyofikia alinikuta uani napiga mswaki, akaniuliza, "Picha yasemaje?" Nikamjibu kwamba picha sina, ila sijambo. Alinitazama kwa huruma, kama mtu amwonaye mgeni aliyevaa shati ndani nje. Baadaye nikafundishwa kwamba jibu la adabu ni "Inasema sijambo." Asemaye sijambo kwa kichwa chake mwenyewe huhesabiwa mbahatishaji, naye asemaye naumwa bila picha huhesabiwa mzushi. Sheria yao kuhusu maumivu ni fupi, imeandikwa juu ya mlango wa kila zahanati: *Umivu lisilo na picha ni uvumi.*

Picha yenyewe ni ya ndani ya mwili. Wana mashine wanayoiita Tundu, pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavu. Mgonjwa huingizwa humo chali, huambiwa asitikisike, na mashine hugonga kama mafundi bati kumi walioshindwa kuelewana. Haimkati wala haimchomi. Huusoma mwili wake mstari kwa mstari, kama mshona mkeka anavyounga ukili kwa ukili, na mistari ikitimia mia nne picha imekamilika. Nimeliona kwa macho yangu na sitalibeza, maana ni kazi ya ajabu.

Zamani mistari mia nne ilichukua robo tatu ya saa, na foleni ilikuwa ya miezi tisa. Watu walikufa na namba zao mkononi. Ndipo Bwana Vuai, ambaye sasa ni Mkuu wa Ofisi ya Makubaliano, alipoleta Tazamo la Haraka. Tundu husoma mstari mmoja na kuruka mitatu, na kwa dakika kumi na moja kazi imekwisha. Mistari iliyorukwa hujazwa na Wajazaji, mafundi arobaini wanaokaa katika ukumbi wa nyuma, ambao kila mmoja ametazama picha laki moja za zamani hadi akajua mwili unavyokwenda. Foleni ilishuka kutoka miezi tisa hadi siku tisa. Watoto waliokuwa wakifungwa vitambaa wasitikisike sasa huingia na kutoka kabla hawajakumbuka kulia. Ningekuwa raia wa Tazamani, mwanangu mmoja ningempa jina la Vuai.

Lilibaki swali moja tu, kama tazamo hilo linaaminika, na kulijibu ndiyo kazi ya ofisi yake. Tazamani shauri lolote huamuliwa kwa mashahidi wawili. Kwa hiyo kila mgonjwa hutazamwa mara mbili, asubuhi na alasiri, na picha zote mbili hupelekwa Ofisi ya Makubaliano. Zikikubaliana, zinasema kweli. Katika kila jozi mia, tisini na nane zilikubaliana, na hesabu hiyo imechorwa ukutani kwa rangi ya kijani. Wagonjwa wa zile jozi mbili zilizotofautiana waliandikiwa karipio kwa kulala vibaya.

Siku ya tatu, nikiwa ndani ya ofisi hiyo, niliitamka ile methali yetu ya haraka na baraka. Niliitamka kwa mzaha. Karani alisimamisha kalamu. Kumbe methali hiyo imepigwa marufuku karibu na Tundu lolote, na adhabu yake ni kusimama kwenye foleni nusu siku pamoja na wagonjwa, uone wao wanavyoiona methali yako. Nilisimama. Nyuma yangu alikuwapo baba mmoja aliyevimba tumbo, aliyeniambia kwa upole kwamba kaka yake alifia katika foleni ya zamani, na kwamba baraka ya kungoja yeye hakuiona. Nilitazama chini. Ilikuwa adhabu ya haki.

Mbele yangu alisimama mwanamke wa miaka kama arobaini, jina lake Siwatu, mpika mikate. Vumbi la unga lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Cheti alikishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliutia ndani ya mkunjo wa kanga, kama mtu aliyebeba kifaranga. Alipofika dirishani, karani, mama wa makamo mwenye miwani, alipiga kite.

"Dada Siwatu, umerudi tena?"

"Nimerudi, mwenzangu. Mkono unakufa."

"Lakini umeshakubaliana! Picha mbili za shingo, asubuhi na alasiri, zote zasema mzima. Wewe ni nani hata upinge picha mbili?"

"Mimi ndiye mwenye shingo."

Watu wa foleni walicheka, wala si kwa ubaya. Karani naye alicheka kidogo, kisha akasoma sheria kwa sauti ya kusikitika: aliyekubaliana hatazamwi tena mpaka mwaka uishe.

"Mwaka hautaisha kabla ya mkono," alisema Siwatu.

Yule mama alimwonea huruma ya kweli. Alimtolea kigoda, akamtilia maji kwenye kikombe, akampa. Siwatu alikipokea kwa mkono wa kulia, nadhani kwa mazoea, na kikombe kikamponyoka kikavunjika sakafuni. Karani aliinama akaokota vipande mwenyewe. Kisha akarudi dirishani akaandika kwenye cheti: *Ameangusha kikombe kwa uzembe.* Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba cheti kina nafasi ya sababu, na kwa mtu mzima sababu nyingine haipo.

Nikatoka kwenye foleni, adhabu ikiwa haijaisha, nikamfuata Siwatu hadi nje. Alinieleza bila kulia.

"Kaka mgeni, nilianza kwa kushindwa kubana donge. Nikadhani unga mbaya. Halafu kidole cha mwisho kikalala, kikafuata cha jirani yake. Mpasuaji ananiambia kuna kitu kinabana mshipa wa fahamu hapa shingoni, kikitolewa mapema mkono utaamka, kikichelewa hauamki tena. Yuko tayari. Lakini hawezi kukata shingo ya mtu kwa kubahatisha. Anataka picha imwonyeshe pa kukata."

"Na picha zasema hakuna kitu."

"Mbili. Lile Tundu moja la zamani, la mistari yote, bado lipo nyuma ya jiko la hospitali. Robo tatu ya saa tu, kaka. Ila aliyekubaliana haruhusiwi hata kulikaribia." Akautoa mkono kwenye kanga, akaugeuza geuza. "Nimekanda mikate kwa mkono huu tangu mama yangu alipofariki. Bila huu mimi ni mdomo wa kulishwa."

Nilipatwa na hasira ambayo sijaipata tangu ujana wangu. Sikuwa nimekuja Tazamani kutengeneza nchi ya watu. Lakini niliutazama ule mkono, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Vuai.

Nilitegemea kumkuta bwana mwenye kitambi na kiburi. Nilimkuta mtu mwembamba, taratibu, ambaye kola ya shati lake ilikuwa imeshonwa upya kwa mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza, bila kuudhika, jinsi Tazamo la Haraka lilivyothibitishwa. Kwanza, waamuzi watatu walionyeshwa picha za polepole na za haraka bila kuambiwa ipi ni ipi, wakaulizwa iliyo nzuri, nao wakachagua za haraka, kwa kuwa ni laini na hazina chenga. Pili, picha za haraka hukubaliana zenyewe kwa zenyewe, tisini na nane kwa mia. Tatu, zililinganishwa na za polepole, kwa watu thelathini, na hazikupishana hata kidogo.

"Watu gani hao thelathini?" nikauliza.

"Walinzi wa lango kuu."

"Wagonjwa?"

"Wazima wote, wenye afya tele. Mgonjwa kumlaza robo tatu ya saa, kisha umlaze tena kwa ajili ya kulinganisha tu, tuliona ni ukatili."

Angekuwa mkatili kidogo angejua zaidi, lakini hilo sikulisema. Nilimwambia jambo moja la kazi yangu. "Bwana Mkuu, mizani zikiwa tupu, zote ni za kweli. Hata ya mwizi husimama kwenye sifuri. Uongo hutoka ukiweka samaki."

Nikaendelea, na hapa ndipo ninapolazimika kujisema. Sokoni kwetu palikuwa na mizani ya muuza ngisi iliyopunja robo katika kila kilo. Niliipima kila mwezi, mara mbili mbili, na kila mara ilitoa jibu lilelile. Nikaandika "sawa" kwa miaka miwili. Ilikuwa mizani yenye msimamo kuliko zote sokoni, na mimi niliyepewa mawe ya kupimia nilikuwa nayaacha nyumbani kwa sababu ni mazito kubeba. Watu walikula ngisi pungufu kwa uvivu wangu.

"Wataka nini hasa?" aliuliza Vuai.

"Jiwe la kupimia. Niruhusu niingize ndani ya Tundu kitu ambacho mimi nakijua ndani yake kuna nini."

Mtu mwenye hofu angenifukuza. Yeye alisema, "Lete."

Kabla ya kuleta chochote nilipita ukumbi wa Wajazaji, kwani sipendi kumpima mtu ambaye sijamsalimu. Mkuu wao ni Bi Kazija, mama mnene mwenye vidole vyepesi mno, anayejaza huku macho ameyafumba nusu. Nilimsifu kwa dhati. Alifurahi.

"Mwili wa binadamu haunishangazi tena, baba. Nipe mstari wa kwanza na wa tano, nakupa wote wa katikati."

"Na kikiwapo kitu kidogo hapo katikati?"

"Kitu gani?"

"Chochote. Punje ya mtama."

Aliyafumbua macho. "Katika laki moja nilizotazama, labda nilikiona mara tatu. Nikianza kumjazia kila mtu punje kwa ajili ya hao watatu, si nitaitia nchi nzima wazimu?"

Alikuwa anasema kweli, na bado palikuwa na mtu mwenye punje.

Nilinunua boga. Nilichagua la kiasi, gumu, lenye ukubwa wa tumbo la mtu aliyeshiba. Nikalikata kijidirisha, nikasukuma ndani ushanga mmoja mdogo, nikalifunga kwa vijiti vya miti. Karani mwenye miwani alileta tatizo moja: Tundu ni la raia tu, na raia lazima aandikishwe. Tukaandikisha.

"Jina?"

"Boga."

"La baba?"

"Shamba."

"Linaumwa?"

"Lina kitu ndani."

Aliandika *Uvumi*, akagonga muhuri. Boga Shamba likatazamwa asubuhi kwa haraka, likatazamwa alasiri kwa haraka, na katikati, kwa amri ya Vuai, likapelekwa nyuma ya jiko kwenye Tundu la zamani. Wajazaji hawakuambiwa chochote.

Picha ya polepole ilionyesha boga. Nyuzi zilikuwapo, mbegu zilikuwapo zimepangana kama zilivyoumbwa, na pembeni kabisa ushanga wangu. Picha ya haraka ya asubuhi ilionyesha tumbo zuri la binadamu. Lilikuwa na ini, tena ini pana lisilo na doa. Lilikuwa na figo mbili, bandama na utumbo uliolala kwa adabu. Ya alasiri ilionyesha ini lilelile na figo zilezile. Ofisi ya Makubaliano ilizilinganisha, ikaridhika, ikatoa cheti: *Mzima. Arudi kazini kesho asubuhi.*

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Vuai hakucheka. Bi Kazija alipoletwa na kuonyeshwa boga lenyewe juu ya meza, alilishika kwa mikono miwili, akalia machozi.

"Mbona hamkuniambia kama ni boga? Mstari wa kwanza ulikuja mviringo. Humu huletwa watu tu. Mimi ningejuaje?"

Nilimwonea haya. Mtego nilikuwa nimeutega kwa sheria, lakini ulimnasa mwenye bidii.

Baraza la Tazamani lilikutana kesho yake, na mijadala yao nimeiandika kama nilivyoisikia. Mjumbe wa kwanza alisema cheti kimetolewa kihalali, kwa hiyo boga ni zima kisheria, na likikosa kufika kazini linastahili karipio. Wa pili alisema picha mbili zimeona ini na moja haikuliona, na tangu lini shahidi mmoja akawashinda wawili. Akapendekeza ichunguzwe kama maboga hayakuwa na maini siku zote bila sisi kujua. Wa tatu alitaka Matundu ya haraka yavunjwe siku hiyohiyo, na nje watu walikuwa wameanza kukusanyika wakitaka hivyohivyo, wakiwamo waliokuwa jana yake wakiapa kwa picha zao. Nilikaribishwa kuhutubia. Nilihutubia. Kesho yake nikaalikwa kuhutubia tena, na keshokutwa kwenye vyuo, na kila nilipopita watu walininyooshea kidole wakisema, yule ndiye bwana wa boga. Nilipikiwa pilau nyumba nne.

Nakiri hapa bila kusukumwa: siku hizo sikumkumbuka Siwatu zaidi ya mara mbili. Nilidhani nikishinda hoja nimemaliza kazi. Yeye alikuwa bado anakwenda dirishani kila asubuhi, na bado anaambiwa amekubaliana, kwa kuwa Baraza lilikuwa linajadili boga, wala halijagusa cheti chake.

Aliyemkumbuka ni Vuai. Siku ya saba ya mjadala, yule mjumbe wa tatu alipokuwa karibu kuipata kura ya kuvunja Matundu, Vuai alisimama.

"Mke wangu Mwanamvua alifariki katika foleni ya zamani," alisema. "Alifariki mwezi wa saba, akiwa amebakiza miwili. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa kama embe. Juzi niliitoa ile picha ya polepole waliyompiga kwa dharura alipokuwa ameshachelewa, nikafuta mistari mitatu katika kila minne, nikawapa Wajazaji bila jina. Wameuona uvimbe wote. Kwa hiyo msiniambie tazamo hili ni la uongo. Lingemwokoa. Mkilivunja, foleni itarudi, na foleni huua pia, ila haiandiki cheti."

Alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Lakini kwa miaka yote hii niliuliza kama picha zinakubaliana. Sikuuliza kitu kinapaswa kuwa kidogo kiasi gani ndipo tukipoteze. Nilikuwa namtafuta mke wangu katika kila mgonjwa. Yupo mwanamke dirishani, mpika mikate, ana kitu kisicho na ukubwa wa embe. Naomba alazwe Tundu la zamani leo."

Laiti wangesema ndiyo. Lakini mtu mwema mwenye utaratibu ni mzito kuliko mtu mbaya asiye nao. Ikaonekana cheti cha makubaliano hakitenguliwi na ombi la mdomo. Likatafutwa fungu la sheria. Halikuwapo, likatungwa, likasomwa mara tatu kwa siku tatu tofauti, kila mtu akisikitika kwa kuchelewa huko. Nilipiga kelele, nikaambiwa kwa upole kwamba wageni hawapigi kelele. Tangu ninunue boga mpaka Siwatu analazwa zilipita siku kumi na mbili. Za mwisho nilizihesabu kwa vidole vyake, maana tangu Vuai asimame, kila asubuhi nilikwenda kumtazama anavyojaribu kubana donge, na kila asubuhi donge lilikuwa linateleza mapema zaidi.

Picha ya mistari mia nne ilitoka saa tano asubuhi. Vuai aliishika mwenyewe dirishani kwenye mwanga. Pale shingoni, kati ya pingili mbili, palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mtama. Alichukua mkasi na karatasi, akakata vipande vyembamba, akafunika mistari mitatu na kuacha mmoja, akafunika mitatu na kuacha mmoja, mpaka chini. Punje ilikuwa chini ya karatasi. Akafunua, akafunika tena, kama mtu asiyeamini. Bi Kazija, aliyekuwa amesimama naye, alisema kwa sauti ndogo, "Hapo mimi ningeweka shingo tu." Mpasuaji alikuwa ameshaanza kunawa mikono.

Baraza lilipitisha maamuzi mawili, kwa tofauti ya kura moja. Picha za haraka zitaendelea, lakini mistari iliyoonwa ichorwe nyeusi na iliyojazwa ichorwe kijivu, ili asomaye ajue wapi anatazama mwili na wapi anamtazama Bi Kazija. Na mtu akisema naumwa, hata picha zikiwa mbili dhidi yake, ana haki ya robo tatu ya saa. Wengi walinung'unika, wakisema kijivu kimeharibu uzuri wa picha. Kwa maoni yangu kijivu ndicho kitu cha kweli kuliko vyote nilivyoviona Tazamani, na nilimwambia Bi Kazija hivyo. Aliniambia hajalala vizuri tangu waanze kukichora, kwa sababu sasa anaona jinsi kilivyo kingi.

Siku ya kuondoka kwangu Siwatu aliitwa Ofisi ya Makubaliano kufunga jalada lake. Bandeji ilikuwa bado shingoni. Karani mwenye miwani alimsalimia, "Picha yasemaje?" kisha akajishika mdomo, akauliza upya, kwa shida, kama mtu anayejaribu lugha ya kigeni: "Wewe… wasemaje?"

"Sijui bado," alisema Siwatu.

Vuai alitoka chumbani kwake. Alikuwa amekuja na cheti kipya, kilichoandikwa *Amepona*, na alitaka akitie sahihi. Siwatu hakukichukua. Badala yake alimshika Vuai mkono kwa mkono wake wa kulia, akaubana. Nilimwona Vuai akishtuka, maana ulikuwa na nguvu; akatabasamu, na karani akapiga kigelegele kifupi. Sisi sote pale tulidhani ni shukrani.

Hakumwachia. "Umehisi vidole vingapi?" aliuliza.

Tabasamu la Vuai lilipungua. Alisikiliza kwa mkono wake. "Vitatu," alisema.

"Vitatu nimerudishiwa, na namshukuru Mungu, nawashukuru na nyinyi. Nitakanda. Mikate ya kusuka sitaiweza tena." Akavinyanyua kwa mkono wa kushoto vile viwili vya mwisho, vilivyokuwa vimelala juu ya kiganja cha Vuai bila uzito, akavitazama kama si vyake. "Hivi vilikuwa vimelala tu, havijafa, siku mliyolipa boga cheti. Viandike, Bwana Mkuu."

Vuai alikaa kwenye kigoda cha wagonjwa. Alilikata neno *Amepona*, na kwa kuwa cheti hakikuwa na nafasi ya kuandika jambo kama hilo, aliliandika pembeni, kwa mkono wake, huku Siwatu akimtajia tarehe.